Kujitengenezea Gari: Je, Nia Njema Yatosha?

Katika baraza yetu ya baada ya Magharibi huletwa masuala ya kila namna. Mengi yao ni makubwa, na majibu yake yamekwisha andikwa vitabuni, nasi kazi yetu ni kuyasoma na kuyafahamisha. Lakini safari hii tuliletewa suali lililoonekana dogo, nalo likatushughulisha mikutano mitatu. Watu wazima wakakhitalifiana, na vijana waliozoea kukaa nyuma wakasogea mbele kusikiliza. Twaona yafaa tuwaandikie wasomaji wetu yaliyopita, kwani ni nadra katika miji yetu ya pwani kuupata mtaa usiokuwa na gari kuukuu lililosimama chini ya mwarobaini, na mtu mwenye bisibisi ameinama mbele yake.

Suali lenyewe ni hili. Mtu ana gari la zamani la petroli. Injini imeharibika, naye si fundi. Akaifungua kwa mkono wake, akatengeneza alivyoweza, akaifunga, ikawaka. Kisha akamwazima jirani yake, gari likamharibikia jirani njiani, likamtia hasara isiyolipika. Je, mwenye gari ana lawama? Au nia yake njema na juhudi yake yamtosha?

Kabla ya kujibu ilitupasa tujue kwanza: kule kujitengenezea kwenyewe ni jambo jema au baya? Kwani walikuwapo miongoni mwetu waliosema kuwa kila kazi ina watu wake, na asiyekuwa mtu wa kazi hiyo aikae mbali. Sisi hatuwafiki kauli hii. Lau ingalikuwa ni kweli kwa ujumla wake, pasingalikuwa na gari hata moja likitembea duniani leo.

Na ushahidi wa hayo umo katika tarikhi ya gari lenyewe. Injini ya mipigo minne, ambayo ndiyo iliyomo katika magari yetu ya petroli, ilitengenezwa na Nikolaus Otto, Mjerumani, mwaka 1876. Miaka kumi baadaye, mwaka 1886, Carl Benz alipewa hati ya serikali ya kumiliki uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu. Lakini watu hawakuliamini gari lile. Basi mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilitoa bila ya kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili, akasafiri kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo unaozidi kilomita 100. Njiani mrija wa mafuta uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulichunika, akauzungushia kamba ya kufungia soksi. Lakini mnyororo ulipomshinda, aliuendea kwa mhunzi. Na breki zilipolika, alikwenda kwa mshoni viatu akazivika ngozi. Na alipokutana na mumewe alimweleza lililoshindwa na lililoweza, na kwamba gari halina nguvu ya kupanda vilima. Ndipo Benz akaliongeza gia ya kupandia.

Twawaomba wasomaji waishike kisa hiki, kwani mna ndani yake mambo matatu ambayo tutayarejea: aliloliweza alilifanya kwa mkono wake, asiloliweza alimpelekea mwenye kuliweza, na yote yaliyopita aliyasema.

Basi kujitengenezea si ubaya. Bali sisi twaona ni sifa njema. Mtu anayekijua chombo chake hadanganywi kwa urahisi, hatupi mali yake kwa kununua vipuri visivyohitajika, na hakai njiani kwa jambo la dakika kumi. Gari la zamani lenye kabureta ndilo hasa gari la mwanafunzi wa namna hii. Magari ya leo yanaongozwa na kompyuta, na mara nyingi hata ugonjwa wake hauonekani ila kwa chombo cha kuusoma. Ama gari la zamani, maradhi yake mengi huonekana kwa macho, husikika kwa masikio na hunuka puani.

Mfano ni cheche. Katika distributa mna pointi mbili ndogo zinazokutana na kuachana, na kila zinapoachana koili hutoa umeme mkali unaokwenda kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hizo huachana mara 6,000 katika dakika hiyo moja. Hapana ajabu basi zikiungua na kulika, na nafasi baina yao ikaharibika; na nafasi ile ni ndogo mno, sehemu chache za kumi za milimita. Gari litakohoa, litakataa kuwaka asubuhi, litakula petroli. Mtu mwenye kipande cha bati cha kupimia, bisibisi, na subira aweza kuliondoa tatizo hilo kabla ya adhana ya Adhuhuri. Na kama haya ni kusafisha plagi, kubadilisha oili na chujio lake, kukaza mkanda wa feni, kusafisha betri, kuzibua kabureta. Kwa kazi hizi twawahimiza vijana wetu wala hatuwazuii.

Sasa tueleze kisa kilicholeta suali. Aliyefikwa ni mmoja wetu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetutaka tukiandike bila ya kumtaja.

Ndugu yetu huyu alinunua Peugeot 504 ya petroli. Wasomaji wa makamo wanalikumbuka vyema gari hili na kaka yake, 404. Magari ya 404 yalishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Yalikuwa ndiyo magari ya safari ndefu za abiria katika nchi hii, na watu waliyaamini kama wanavyomwamini punda wa Lamu. Ndugu yetu alilipenda, akalipaka rangi, na kila Ijumaa akalifuta mpaka likang'aa.

Baada ya muda gari likaanza kunywa maji. Akijaza rejeta asubuhi, jioni imepungua, na ukiutazama mdomo wa rejeta injini ikiwaka waona mapovu. Dalili hizi ni za gasketi ya silindahedi, yaani lile bamba jembamba lililo baina ya kiwiliwili cha injini na kifuniko chake, ambalo huzuia moto, maji na oili visiingiliane. Alimwendea fundi, akatajiwa ujira, akaona ni mzito. Akasema moyoni mwake: "Kwani fundi ana mikono mingapi?" Akakusanya spana, akafungua silindahedi uani kwake.

Hatuna budi kumpa haki yake: hakufanya kazi ya pupa. Alivipanga vyuma kwa taratibu juu ya gunia, akaandika kila kimoja kilipotoka, akakwangua masizi, akanunua gasketi mpya, akakaza parafujo kuanzia za katikati kwenda za pembeni kama inavyotakikana. Jambo moja tu hakulijua. Katika injini ya gari hili silinda hazikutobolewa katika chuma cha injini chenyewe. Ni mabomba manne ya chuma yaliyosimamishwa ndani, na maji yanayapita kwa nje. Silindahedi ikiwapo, yakaa imara kwa kubanwa. Silindahedi ikiondolewa, hapana kinachoyashika. Na mwenye kujua huyabana kwa vibanio kabla ya kuizungusha injini. Ndugu yetu alitaka kusafisha vichwa vya pistoni, akaizungusha injini kwa mkono ili zipande. Mabomba nayo yakainuka kidogo pamoja nazo, kisha yakarudi. Macho hayakuona kitu. Lakini viziba vya chini, vinavyozuia maji yasiteremke kwenye oili, vilikwisha haribika.

Gari likawaka kwa mara ya kwanza. Watoto wakapiga makofi. Mapovu yakatoweka. Na baada ya siku chache, alipotoa kijiti cha kupimia oili, aliona oili haipungui, bali imepanda. Akafurahi, akasema: "Alhamdulillahi, hata kula oili limeacha." Kumbe yaliyoinua kipimo ni maji.

Siku hizo alifiwa jirani yake. Aliyefariki ni mama yake mdogo, ndugu wa mama mzazi, huko Malindi, na maziko yalikuwa baada ya Alasiri. Jirani akaja na kanzu yake, mama yake mzee nyuma yake amejifunika buibui, akasema: "Ndugu yangu, nisaidie gari nimfikishe mama amwone nduguye kabla hajatolewa." Ndugu yetu akatoa ufunguo mara moja, akajaza na petroli kwa pesa zake. Akasema: "Gari zima, mwendo wenu tu."

Gari halikufika Kilifi. Karibu na njia ya kwendea Takaungu lilianza kugonga kwa chini, mgongo wa nyundo, kisha likazima na injini ikashikana. Beringi zilikuwa zikizunguka katika maji na oili vilivyochanganyika mpaka vikawa kama chai ya maziwa. Mama alikaa kando ya barabara kwa muda mrefu, mpaka wakapata matatu yenye nafasi. Walipofika Malindi jeneza lilikwisha toka, na watu walikuwa wanarejea makaburini.

Jirani hakudai kitu. Usiku ule alipoambiwa na ndugu yetu, kwa machozi, kwamba injini ile aliifungua mwenyewe wiki mbili zilizopita, alinyamaza kitambo, kisha akamwambia: "Lau ungaliniambia, ningalipanda matatu tangu asubuhi."

Hayo ndiyo maneno yaliyotufanya tukae mikutano mitatu.

Wa kwanza kusema walimtetea. Walisema: mtu huyu alitoa gari lake bure, kwa ihsani, tena akatia petroli, na mwenye kutenda ihsani halaumiwi. Pia hakukusudia shari, na alifanya kazi yake kwa uangalifu wa kadiri ya kujua kwake. Hakuna mtu anayeweza kutenda zaidi ya anavyojua.

Wa pili walimlaumu kwa ukali. Walisema: kosa ni kule kufungua. Wanazuoni wa fiq-hi wana mlango mzima wa dhamana, na mojawapo ya masuala mashuhuri humo ni ya mtu anayejitia utabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu. Akimdhuru mgonjwa, hasara ni juu yake, na kusema kwamba alitaka kuponya hakumwondolei. Na injini ni kama mwili. Aliyeipasua bila ya ilimu yampasa abebe.

Sisi twaona kila kundi limeshika upande mmoja wa haki, na limeacha mwengine.

Wale wa pili wamesahau kwamba mgonjwa wa tabibu ni roho ya mtu, na gari lilikuwa mali ya ndugu yetu mwenyewe. Mtu akivunja chungu chake akijifunza ufinyanzi, hakumdhulumu yeyote. Na pia hapana fundi aliyezaliwa na spana. Kila mkono unaojua leo, jana ulikuwa haujui. Tukiwakataza watu kugusa wasichokijua, tumewakataza kujifunza, na hiyo ndiyo maradhi ya umma wetu kwa miaka mingi: kununua kila kitu kwa wengine na kutojua kilichomo ndani yake. Nasi ni watu ambao al-Jazari alitoka kwetu, aliyemaliza kitabu chake cha mitambo huko Diyarbakir mwaka 1206, akakitia picha na maelezo ya namna kila chombo kinavyotengenezwa. Yeye hakuwa mtu wa kusimulia tu. Alikuwa mtu wa kutenda kwa mkono.

Ama wale wa kwanza, wao wamechanganya mambo mawili. Nia hupima moyo wa mtenda. Haipimi uzima wa chuma. Nia ya ndugu yetu ilikuwa njema, na malipo yake yako kwa Mola wake. Lakini mabomba ya silinda hayakujua nia yake. Na mama yule hakupanda nia, alipanda gari.

Basi kosa liko wapi? Twasema: halikuwa katika kujaribu, wala halikuwa katika kukosea. Lilikuwa katika kunyamaza. Gari lilipokuwa lake peke yake, kutojua kwake kulikuwa ni hasara yake peke yake. Lakini alipotoa ufunguo, aliwatwika watu wengine hatari ambayo wao hawakuichagua wala hawakuijua. Na kusema "gari zima" ni ushahidi, na ushahidi hutolewa kwa mtu anayejua.

Hapa kijana mmoja alisimama akasema: "Maalim, niwieni radhi. Mwasema alinyamaza. Lakini yeye hakujua kwamba viziba vimeharibika. Mtu atasemaje asilolijua?"

Hili lilikuwa ndilo suali gumu kuliko yote, nalo twaliona ndio kiini cha mas-ala. Jawabu yetu ni kwamba hakuhitaji kuujua ugonjwa ndipo aseme. Yako mambo matatu aliyoyajua kwa yakini: kwamba injini imefunguliwa; kwamba yeye hajapata kufungua injini kabla yake; na kwamba hapana mjuzi aliyeitazama baada yake. Mambo haya matatu hayahitaji ufundi kuyajua, na ndiyo hasa aliyoyahitaji jirani ili achague baina ya gari na matatu. Mtu hadaiwi kuzijua siri zote za chuma. Adaiwa kuujua mpaka wa ujuzi wake mwenyewe, na kuwaambia wanaomtegemea kwamba mpaka ni huu.

Tulimwuliza ndugu yetu: "Kwani hukusema kwa nini?" Naye akajibu kwa insafu ambayo twaiombea na sisi wenyewe. Alisema: "Sikutaka kudanganya. Lakini nilipenda jirani alisikie gari linavyonguruma vizuri, aseme ni zima. Na nilichelea nikisema nimelifungua mwenyewe, atanicheka kuwa mimi ni fundi wa kujipa." Basi ni mambo mawili, ghururi kidogo na haya kidogo, na kwa mambo mawili haya madogo mama mmoja hakuuona uso wa nduguye. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Na tusidhani kwamba kunyamaza ni kwa ulimi tu. Kuna kuinyamazisha injini yenyewe. Mfano ulio mashuhuri hapa kwetu ni ule wa thamostati, kile kizibo kidogo kilicho katika njia ya maji. Injini ikiwa baridi hujifunga, maji yakazunguka ndani tu mpaka injini ikapata joto lake. Na maji yanapopata joto la digrii themanini na kitu hufunguka, yakaenda kwenye rejeta. Gari likichemka, wengi hukimbilia kuking'oa kizibo hicho na kukitupa, wakasema: "Pwani kuna joto, thamostati ya nini?" Lakini joto la pwani halifiki nusu ya joto linalotakiwa na injini. Ikikosa thamostati injini hukaa baridi mno kwa safari fupi, hula petroli, oili yake hufanya tope, na silinda hulika mapema. Na ikiwa sababu ya kuchemka ni rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyolika, sababu hiyo ingalipo palepale, yangoja mlima na mzigo. Huko si kutibu, ni kumziba mgonjwa mdomo asilie.

Kila anayejitengenezea gari ajiulize suali hili moja kabla ya kufunga boneti: je, nimeondoa sababu, au nimeondoa sauti? Akiwa ameondoa sauti tu, kisha akaliuza gari sokoni likiwa limenyamaza, basi hapana tofauti baina yake na yule anayeweka nafaka mbovu chini na nzima juu. Aibu ya bidhaa ni haki ya mnunuzi kuijua.

Wengine watasema: mbona mafundi nao hufanya hayo hayo? Ni kweli, wako wanaofanya. Na wako mafundi wa jua kali, wanaokaa kutwa chini ya gari kwa ujira mdogo, ambao hukwambia wazi: "Hapa pamenishinda, mpelekee fulani." Huyo ni bora kuliko mwenye karakana kubwa asiyesema neno hilo. Wajibu wa kusema ni mmoja kwa wote wawili, fundi wa kulipwa na fundi wa nyumbani. Tofauti yao ni kwamba wa kulipwa twamjua na twaweza kumrudia, na wa nyumbani aghlabu hajihesabu kuwa ni fundi, basi hajihesabu kuwa anadaiwa.

Kwa hayo twawanasihi ndugu zetu mambo haya.

Kwanza, tafuta sababu kabla ya kutafuta kipuri. Anayebadilisha plagi, kisha koili, kisha kabureta, hali ya kuwa waya mmoja tu umelegea, hajatengeneza; amebahatisha kwa mali.

La pili, soma kabla ya kufungua. Mwingereza John Haynes alitoa kitabu chake cha kwanza cha matengenezo mwaka 1966, cha gari la Austin-Healey Sprite, na njia yake ilikuwa kulifungua gari lenyewe na kulifunga tena huku akipiga picha kila hatua, ili asiyekuwa fundi afuate. Vitabu vya namna hii vipo kwa magari mengi ya zamani, na siku hizi picha hutazamwa hata katika simu. Lau ndugu yetu angalisoma ukurasa mmoja kuhusu injini yake, angaliyabana mabomba yale. Na kwa kuwa wengi wa watu wetu huvisoma vitabu hivi kwa taabu kwa sababu ya lugha, twatamani kuona vijana wetu waliosoma ufundi wakiandika vya Kiswahili. Hiyo itakuwa sadaka yenye kudumu.

La tatu, hifadhi roho yako na za jamaa zako. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tia vigogo imara. Usifungue kizibo cha rejeta injini ikiwa moto, kwani maji yaliyobanwa huchemka kwa joto linalopita digrii 100, nayo hukurukia usoni. Usiiache injini ikiwaka ndani ya banda lililofungwa. Katika moshi wake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akidhani anasinzia tu. Wala usivute petroli kwa mdomo.

La nne, hifadhi haki ya jirani. Oili chafu uliyoitoa usiimwage mferejini wala karibu na kisima. Yatiririka, yafika baharini, na kwenye maji ya watu. Itie katika debe, uipeleke kwa karakana inayoikusanya. Kujitegemea kunakochafua maji ya mwengine si kujitegemea, ni kumtegemea yeye abebe uchafu wako.

La tano, breki na usukani usiviamini mkono wako peke yako. Ukivigusa, mwite anayejua avikague kabla ya gari kutoka.

La sita, na ndilo tulilolikusudia kwa makala haya yote: sema. Ukimwazima mtu, ukimpakia mtu, ukimwuzia mtu, mwambie: "Hiki nimekitengeneza mwenyewe, siku fulani, na hapana aliyekikagua." Watu watasema kwamba ukisema hivyo hapana atakayepanda. Kama hapana atakayepanda akijua, basi kwa haki gani wapandishwa wasijue? Na tulivyoona sisi, aliye mkweli juu ya kasoro ya gari lake ndiye watu wanayemwamini akisema kwamba ni zima.

Ama ndugu yetu, aliitengeneza upya injini ile kwa muda wa miezi mitano, safari hii akisimamiwa na fundi mzee aliyekubali kukaa juu ya kiti na kumfundisha kwa maneno, mkono ukiwa ni wake yeye. Mabomba yalibanwa. Katika sanduku la gari, mahali pa miwani na karatasi, mna daftari, na ndani yake ameandika kila alichogusa, tarehe yake, na nani aliyekikagua. Anayetaka kuazima hupewa daftari kwanza, kisha ufunguo.

Naye alimwendea mama yule kumwomba radhi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Mwanangu, nimekusamehe. Lakini siku nyengine mtu akikuomba gari, usimpe gari tupu. Mpe na habari yake." Sisi katika baraza tulipoletewa maneno haya tuliona hapana la kuongeza, tukafunga vitabu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kujua, na pale tusipojua, atuwafikishe kusema kwamba hatujui. Amin.